Siku Ndugu Yangu Alipolikwepa Lango

Kwetu, mtu aliyeua hapiti langoni. Hata kama ameua akiwa kazini kwa serikali, hata kama aliyekufa alikuwa jambazi aliyewasumbua watu miaka na mikaka, haijalishi. Anatobolewa njia nyuma ya boma, kwenye ua wa ojuok, ile miti ya utomvu mweupe unaochoma macho. Anaingia ameinama. Hamshiki mtu mkono mpaka mbuzi achinjwe, anyolewe nywele, na baba mdogo amlishe kipande cha kwanza kwa mkono wake. Asipofanya hivyo, damu inamfuata mpaka kitandani kwa watoto wake na kwa mama yake. Tunaiita chira. Watu wa kanisa wanasema ni mambo ya giza, na mama yangu ni mtu wa kanisa asiyekosa Jumapili, lakini hakuna aliyekuwa mkali kumshinda juu ya jambo hili. Alikuwa akisema Mungu anajua ya kwake na boma linajua ya kwake.

Naanza na hilo kwa sababu asiyelijua hataelewa nilichoogopa. Kesi bado iko mahakamani, ndugu yangu yuko nje kwa dhamana, nami ni shahidi, kwa hiyo sitataja jina la mtu yeyote, hata la mbwa.

Ndugu yangu ni kifungua mimba wa mama na mimi ninamfuata. Alikuwa mpelelezi, askari kanzu. Kuanzia Usenge kwetu mpaka Kisumu mjini, ukisema wewe ni dada yake unapewa kiti. Wakati ule wezi wa injini za boti walikuwa wamewafanya wavuvi walie kama watoto. Mtu anajinyima miaka, ananunua injini, anaifunga kwenye boti, na kabla hajauzoea mlio wake imeshaondoka. Ndugu yangu ndiye aliyelivunja lile genge. Alijifanya mnunuzi wa samaki, akala nao, akalala kwenye mafunjo na mbu wakamla yeye, na siku ya kuwakamata wakafyatua risasi naye akafyatua. Aliitwa Nairobi akavalishwa nishani. Mama aliitundika ile picha juu kuliko picha ya harusi yake mwenyewe na marehemu baba. Nikamtania kwamba naona amepata bwana mpya. Alinirushia mwiko.

Kila alipoua kazini, alipiga simu nyumbani kabla ya kuja. "Mama, fungueni nyuma." Sisi tulikuwa tumeshasikia kwenye redio kwamba majambazi wamepigwa risasi mahali fulani, basi tulijua. Baba mdogo alichukua panga akakata matawi. Mtu mzima mwenye bastola kiunoni akaingia kwa mama yake ameinama kama ndama, na sisi wengine tukaziba midomo tusicheke. Baba mdogo alimwuliza swali moja tu, ndivyo inavyotakiwa. Ni mtu wa nje au wa kwetu? Alijibu kwamba ni wa nje, na kwa mtu wa nje mbuzi mmoja hutosha.

Siku moja nilimwuliza kama kweli anayaamini haya, msomi kama yeye. Alikuwa akijifuta utomvu shingoni.

"Risasi naona inatoka wapi," akaniambia. "Hii kitu sioni. Siwezi jaribu, nyaminwa."

Nyaminwa ni dada yangu kwa Kijaluo. Hajawahi kuniita kwa jina jingine tangu tukiwa wadogo.

Sasa mtu ataniuliza alianza lini kuharibika. Sijui. Wanaosema walijua tangu mwanzo ni waongo, au walikuwa wakila naye sahani moja. Mimi nauza mapazia ya mitumba sokoni Kibuye, Kisumu, na mambo ya bichi ya Usenge, pale wavuvi wanapotia boti zao, nilikuwa nayapata nikienda kumwona mama. Nilichokiona ni hiki. Kwanza, aliyerudishiwa injini yake alileta shukrani, jogoo au samaki. Hapo sikuona ubaya, mkono mtupu haulambwi. Baadaye shukrani zikaanza kutangulia, kabla injini haijatafutwa. Baadaye tena, zikawa zinaibiwa injini za wale tu ambao hawakushukuru. Wanaume aliowafunga yeye mwenyewe walipotoka jela, tuliwaona wakiosha gari lake.

Na wanawake wa bichi wakabadilika. Nikitokea njiani, walikuwa wakipiga kelele juu ya omena, dagaa wa ziwani, waliyoianika, kicheko mpaka ziwani. Wakiniona wananyamaza, wanainama, wanaanza kuigeuza. Omena haihitaji kugeuzwa namna ile. Nilikasirika, nikawaona wana wivu. Nilimwambia mama kwamba watu wa huku hawapendi kuona mtoto wa mtu akiinuka. Mama aliendelea kuchambua mboga.

Karibu na kibanda changu Kibuye kuna mama anayeuza omena. Naye ni mtu wa pande za Usenge, mume wake alikuwa na boti. Mimi na yeye tulianza kwa ugomvi, maji yake ya omena yalitiririka mpaka kwenye mapazia yangu nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, naye akanirudishia mengine mazuri zaidi. Tangu siku hiyo tukawa marafiki. Mume wake aliibiwa injini. Kwenye mkutano wa wavuvi alisimama, mchana, akiwa hajaonja hata tone, akasema anajua injini yake iko kwenye boma la nani, na kama hakuna mwenye kifua cha kusema, basi yeye ataandikisha taarifa huko Kisumu. Wenzake wakatazama chini.

Wiki ile ile alikwenda soko la Otonglo kununua mahindi. Gari likasimama kando ya barabara, wakashuka wanaume, wakasema wao ni polisi, wakamchukua. Watu wa soko zima waliona. Gunia lake likabaki pale limefunguliwa mdomo.

Mke wake alikuja kwangu kesho yake, macho yamevimba.

"Mama, wewe uko na ndugu," akaniambia. "Muulize tu bwana yangu wameweka stesheni gani. Nimezunguka zote. Kila mahali wanasema hawana yeye."

Nilimpigia ndugu yangu pale pale, mbele yake, ili aone mimi ni mtu wa watu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie atulie," akasema. "Mimi mwenyewe nitamtafuta."

Yule mama alinishika mikono yote miwili. Nilijivuna, nasema kweli.

Jumamosi ilikuwa ibada ya shukrani nyumbani kwetu. Mama alikuwa amepasuliwa tumbo akapona, na kanisa lote lilikuja. Mahema yalijaa, kwaya inaimba, wachungaji wamekaa mbele, na kila mtu anamngoja kifungua mimba. Mimi nilikuwa nyuma ya jikoni nikisugua sufuria la wali. Ojuok ikatikisika. Nilidhani ni ndama wa jirani, nikaokota jiwe nimtupie. Kikatoka kichwa cha ndugu yangu.

Hakuwa amepiga simu. Hapakuwa na njia iliyokatwa. Alikuwa amejipenyeza mwenyewe, shati la sherehe limejaa matone meupe, jicho moja jekundu kwa utomvu. Kwanza nilitaka kucheka. Kisha nikakumbuka kwamba wiki nzima redio ilikuwa ikilia kibandani kwangu na haikutaja jambazi yeyote, wala risasi yoyote. Jiwe likaniponyoka mkononi.

"Niitie baba mdogo," akasema. "Na mama. Mwingine usiite."

Walikuja. Baba mdogo alimwangalia, akauangalia ua, akaenda kumleta mbuzi. Kule mbele kwaya ilikuwa imefika kwenye ule wimbo wa makofi, hakuna aliyesikia mbuzi akilia. Alimnyoa kidogo tu, juu ya paji, mahali ambapo kofia ingefunika. Alipokata kipande cha nyama na kukiinua, akauliza swali lake.

"Ni mtu wa nje au wa kwetu?"

"Wa kwetu."

Mkono wa baba mdogo ulibaki hewani. "Wa wapi?"

"Wa bichi."

"Ako na mke?"

Ndugu yangu alinitazama mimi.

Hapo nilijua, naye akajua kwamba nimejua. Nilishika ukuta wa jikoni. Sijawahi kuogopa mtu namna ile, na huyu ndiye aliyenifundisha kuogelea.

Nimeliwaza jambo hili mara nyingi. Angeweza kupita langoni. Kwaya ingempokea kwa vigelegele, angekula wali, angekwenda zake, na hadi leo tusingejua lolote. Angeweza kusema kazi imembana asije. Lakini mama alikuwa na kidonda kibichi tumboni, na ndugu yangu aliamini kwamba akivuka lile lango na damu ya mtu wa kwetu, mama atarudi hospitalini na safari hii hatatoka. Sheria alikuwa ameshaizoea, alijua bei yake. Lango hakujua bei yake.

Baba mdogo alimlisha. Akasema kwa mtu wa kwetu mbuzi mmoja hatoshi, mengine yatafuata, tena yanahitaji wazee wa upande wa pili. Ndugu yangu akasema wazee wa upande wa pili wasiitwe. Mama alikuwa amekaa chini kwenye majivu na nguo yake mpya. Nilingoja apige kelele. Aliinuka, akajipangusa, akasema, "Watu wananingoja kwa maombi," akaenda. Ndugu yangu alivaa kofia akamfuata. Alishika kipaza sauti akamshukuru Bwana, na watu wakalia machozi.

Jumatatu nilikwenda Kibuye nikiwa nimepanga maneno. Nilimkuta yule mama anacheka peke yake, amenifungia omena kwenye gazeti, ile nzuri isiyo na mchanga.

"Ndugu yako amenipigia yeye mwenyewe!" akaniambia. "Bwana yangu ameonekana upande wa Uganda. Ako sawa. Anajificha tu. Mungu akubariki, mama."

Nilipokea ile omena.

Wiki zilipita hivyo. Wazazi wa mume wake walikuja wakitaka kuzika yago, lile tunda refu zito ambalo huku linazikwa mahali pa mtu ambaye maji au watu wamekataa kumrudisha. Mtu akishazikwa, hata kama ni kwa tunda, mke wake analia, watoto wananyolewa, maisha yanasogea. Yeye aliwafukuza na mwiko wa ugali mkononi. Mnazikaje mtu aliye hai? Kila jioni alimwekea mume wake chakula. Aliuza mabati aliyokuwa amenunua ya nyumba mpya apate nauli ya kwenda Busia kuulizia. Na kila siku alimpigia ndugu yangu simu, amepatikana? Ni nani aliyemwona? Nipe namba yake. Nikimwona ameshika simu, naacha kumhudumia mteja. Nilitaka kumnyang'anya niivunje.

Kisha ndugu yangu akaja sokoni. Ilikuwa asubuhi, watu tele, mafundi wa sufuria wanagonga kama kawaida yao. Alikaa kwenye robota la mapazia, akalishika moja, akaniuliza bei kama mteja.

"Huyo mama anapiga simu sana," akasema.

"Anamtafuta bwana yake."

"Najua." Akalikunja lile pazia vizuri, akalirudisha. "Juzi nilipita shule kuona binti yako. Amekuwa mrefu! Nimempelekea mkate na sukari. Alikuwa anafurahi sana."

Aliniaga kwa mkono. Nilipiga simu shuleni pale pale. Binti yangu alikuwa mzima, na kweli alikuwa amefurahi. Mjomba alikuja na gari, akiwa na marafiki wake wawili, wakamwuliza maswali mengi: analala bweni gani, anapenda kutoka na nani siku za mapumziko. Aliyasimulia yote akiwa na mkate mdomoni.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu darasa la kwanza nikidhani inahusu chawa. Niliamua kunyamaza. Nilijiambia aliyekufa amekufa, binti yangu yu hai. Yeyote mwenye mtoto akinilaumu kwa hilo, namwambia aje asimame mbele ya lile robota.

Ningenyamaza mpaka leo. Lakini siku chache baadaye yule mama alikuja mbio, kitambaa kimemdondoka kichwani.

"Amempata!" akasema. "Alhamisi ananipeleka yeye mwenyewe, na boti, tuvuke nimwone. Amesema nisiambie mtu, lakini wewe si mtu, wewe ni dada yake."

Nilimwuliza ni wangapi watakaokwenda. Alisema ni yeye na askari tu. Nikamwuliza kama hamwogopi. Alicheka. Amwogope vipi mtu aliyevalishwa nishani kwa ajili ya watu wa bichi?

Jumatano nilikwenda shuleni nikasema bibi yake amezidiwa, nikamtoa binti yangu, nikampeleka mahali ambapo sitapataja hapa wala mahakamani. Alinuna njia nzima, mitihani ilikuwa karibu. Sikumweleza kitu. Kila gari lililotufuata nyuma lilikuwa lake.

Alhamisi asubuhi yule mama alipita kibandani kuniaga. Alikuwa amevaa gauni la buluu lenye pasi, na mkononi ana chombo amekifunga kwa leso. Ugali na samaki, ngege wa kukaanga, alisema, kwa sababu kule hawajui kupika. Nilimvuta ndani, nyuma ya mapazia.

"Usiende," nikamwambia. "Waambie wakwe zako waende wakatafute yago."

Tabasamu lilibaki usoni kwake, lilikuwa halijapata habari. "Nani amekuambia?"

"Jumamosi ile ya mama, ndugu yangu hakupita langoni."

Yeye ni mtu wa huku. Sikuhitaji kuongeza neno. Niliona linaingia, linashuka, linafika. Aliweka kile chombo chini taratibu ili chakula kisimwagike, akatoka nje ya kibanda, akaweka mikono kichwani, akapiga nduru. Mafundi waliacha kugonga. Nduru ya msiba kila mtu anaijua, na kila mtu aliona ametokea kwangu. Wanawake walikuja wakamshika, yeye anaanguka, wao wanamwinua, nami nimesimama pale nikijua kwamba sokoni penye watu wengi hivi hapakosi mwenye simu na mwenye kutafuta shukrani.

Mchana ukapita. Nilikaa naye chini, ameegemea bega langu. Sikuwa na mpango wa kwenda kwa mtu yeyote. Nilitaka yeye asipande ile boti, basi, na hilo lilikuwa limetimia. Alasiri simu yangu ikaita.

"Nyaminwa." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Nimengoja huyo mama kwa bichi, hakuja. Sasa niko hapa shule. Mwalimu anasema ulichukua mtoto jana. Ni mgonjwa?"

"Ni mzima."

"Ako wapi?"

Nyuma yake nilisikia kengele, na wasichana wanatoka darasani wakicheka.

"Hakuna shida," akasema. "Kutafuta watu ndio kazi yangu."

Nilizima simu. Nilimwinua yule mama, tukaacha mapazia yananing'inia na omena juani, tukaenda kuandikisha kila kitu kwa wachunguzi wa kutoka Nairobi, wale wanaowachunguza polisi wenyewe, yeye amenishika mkono. Ndugu yangu alikamatwa, akaachiliwa kwa dhamana, na wakwe wa yule mama wakazika yago. Mama yangu hapokei simu zangu. Binti yangu anasoma mbali, na wenzake wanamwita kwa jina ambalo si mimi niliyempa.